Kifua cha Jumatatu

…na gunzi hili nalo limekwisha, aliwaza Yudith, limenyonya dawa mpaka limekuwa jeusi, afadhali angekata jingine asubuhi, magunzi yamejaa pale jikoni, lakini asubuhi ya Jumatatu haina nafasi, Noa analilia uji, Ruthi analilia ziwa, na Asheri yuko nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyekuja kuuliza njia, amechuchumaa, anakunywa chai kwenye kikombe chake cha bati, akimaliza anakisuuza, anakitungika kwenye msumari wa ukutani, anasema "Kwaherini, wanangu," kwa mbali, mikono nyuma, na Noa naye anaweka mikono nyuma na kuitikia, kwa maana mtoto yule amekua akidhani hivyo ndivyo watu wanavyoagana na baba zao… chupa tupu ilikuwa mapajani, imezibwa kwa lile gunzi, Ruthi alikuwa amelala mgongoni, joto lake linapenya mbeleko, na benchi la dispensari ya shamba lilijaa watu, ila kati yake na Bi Mboni palibaki nafasi ya kumtosha mtu mnene na hakuna aliyeikalia, kwa kuwa kambi nzima inajua Yudith ni mke wa nani, mke wa Asheri wa kwenye brashi, mwenye kifua kikuu. "Basi mguu huu, mwanangu," alikuwa akisema Bi Mboni, akizungumza na ukuta zaidi kuliko naye, "ukiniwanga namna hii mimi najua mvua iko Pemba inavaa viatu, wanangu kule Makorora hunicheka, ati mama, wewe ungeajiriwa na serikali utabiri mvua," na Yudith akasema, "Pole, bibi," kwa ile sauti yake ndogo, sauti ambayo mwinjilisti wa kwao milimani aliwahi kumwambia, wewe binti, siku ya mwisho ukiitwa jina lako hata malaika watakuomba uitikie mara ya pili, darasa zima la kipaimara likacheka, na aliyesimama kumtetea alikuwa nani kama si Elizabeti, alisema, "Mwalimu, mimi ninamsikia," akaketi, na tangu siku ile wakawa kulia na kushoto, sahani moja, blanketi moja wakati wa baridi ya Julai, mpaka mmoja akaenda kusomea unesi na mwingine akaolewa, na Mungu si Athumani, wakaja wakakutana tena huku chini kwenye joto la katani, mmoja kwa gauni jeupe, mwingine kwa mbeleko.

Dirisha la dawa lilikuwa juu ya kichwa chake, limefunikwa kitambaa cheupe, nyuma yake chupa ziligongana, dawa ikamiminwa, na sauti zilikuwa mbili, moja ni ya Elizabeti, anaijua kama anavyoijua njia ya kisimani, nyingine ngeni, ya yule nesi aliyeletwa juzi, Sabiha, mtu mzima, mwenyeji wa Ngamiani, wanasema alitibu miaka mingi kwenye shamba la katani la upande wa Pangani, cheko lake limeshazoeleka kambini kabla ya uso wake… "Hii nyeusi yote ya nani?" aliuliza Sabiha. "Ya watu wa kifua kikuu," akajibu Elizabeti. "Wote hawa? Wanafanya kazi wapi?" "Kwenye brashi." "Wote?" "Wote." Na Sabiha akacheka lile cheko, "Hee, shoga yangu, kikuu gani hicho kinachochagua chumba! Wakata mkonge hakiwataki, wa kwenye mashine ya korona hakiwataki, kinawapenda wa brashi peke yao," na Yudith alitabasamu kidogo pasipo kujua anatabasamia nini, kama mtu anavyotabasamu akisikia kicheko cha jirani, huku akiiona brashi yenyewe, aliyoiona mara moja tu alipompelekea Asheri chakula, chumba kirefu, mashine inaipiga katani kavu mpaka inang'aa kama nywele za mzungu, na vumbi lake linapaa jeupe hata humwoni mtu, unaona macho tu, akamtafuta mumewe asimjue, akaja kizee mwenye nyusi nyeupe akamwambia, "Mama Noa, ni mimi"… "Nenda kamuulize mtu wa brashi yeyote," Sabiha alikuwa akiendelea, "Jumapili yukoje? Atakwambia Jumapili mzima. Jumatatu jioni? Jumatatu kifua kimefungwa kamba. Kikuu kinachopumzika Jumapili kama Mkristo! Mimi, tangu nivae gauni hili, wallahi, sijakiona. Hilo ni vumbi, mwanangu. Na vumbi halimwambukizi mtu, hata alale naye kitanda kimoja, hata wanywe kikombe kimoja." Chupa hazikugongana tena, Yudith akangoja, alingoja kwa raha hata, alingoja mwenzake amwambie huyu mgeni mwenye mdomo kwamba amekosea, na Elizabeti akasema, "Punguza sauti, dada Sabiha. Najua. Tunajua sote."

"Hata chumvi nimeambiwa nipunguze," alisema Bi Mboni, "sasa mchuzi bila chumvi, mwanangu, si ni maji ya kunawa?" Ndiyo, bibi, alisema Yudith, au alidhani amesema… najua, amesema najua, labda anajua jambo jingine, mtu husema najua ili mwenzake anyamaze, yeye mwenyewe humwambia Noa najua, najua, huku hajui… lakini Elizabeti hakuwa mtu wa kusema neno la kupita, hata utotoni, akisema anajua Zaburi basi anaijua mpaka nukta… naye huyu ndiye aliyemketisha kwenye kigoda masika ya mwaka jana, Ruthi akiwa tumboni, akamshika mikono yote miwili, machozi yanamlenga, machozi, Yudith aliyaona, akamwambia, mwenzangu, jikaze, mumeo ana kifua kikuu, mtenge, chombo chake mbali, malazi yake mbali, watoto wasimsogelee, na huyo atakayezaliwa asimpakate hata siku moja, hata akilia… naye Yudith akauliza, kwa sauti ya kuulizia, mbona mate yake hayakupimwa, mbona hakupelekwa mjini kupigwa picha ya kifua kama yule karani wa shamba, na Elizabeti akasema hapana haja, mimi nimeona vifua vingi, na neno la Elizabeti lilikuwa ndiyo na amina, akafuatana naye mpaka nyumbani, akaokota jiwe uani, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akapigilia msumari ukutani, akasema kikombe kikae hapa, kipigwe na jua, na Asheri alikuwa amesimama pembeni, alitazama msumari unaingia kwenye udongo wa nyumba yake, halafu akaenda ndani akachukua mkeka wake akautandika barazani, mchana kweupe, bila kuambiwa.

"Unajua, nawe ukawaambia kikuu?" ilikuja sauti ya Sabiha, sasa haina kicheko. "Astaghfirullah. Kwa nini?" Na Elizabeti akajibu polepole, kama anamfundisha mtoto, "Kikuu mtu huja nacho kutoka kwao. Vumbi amelipata hapa, shamba linadaiwa. Wewe, ukiwa mwenye shamba, utapenda lipi?" "Mimi si mwenye shamba." "Nami siye. Nesi aliyenitangulia alisema vumbi, akalisema mbele ya watu, leo hayupo hapa, na hakuna dispensari ya shamba iliyomchukua. Mimi nina mama yangu milimani, macho yamekwisha." "Na wake zao? Hata mke humwambii, akajua pa kumkinga mumewe?" "Mke ana mdomo, dada Sabiha," alisema Elizabeti. "Mdomo una majirani."

Mke ana mdomo… mdomo gani, aliwaza Yudith, na mikono ilishika chupa kwa nguvu kama inataka kukimbia, mdomo gani, Eliza, mdomo huu ulioutetea kwa kuwa hausikiki, mdomo huu ambao kambi nzima hawajui unatoa sauti gani, wananiita yule mama kimya, ningemwambia nani, ningeliambia gunzi… na kumbe mdomo huu ulisema, ulisema kwako wewe peke yako, siku ile ile, kabla hujaniketisha kwenye kigoda, nilikwambia Eliza, nimeona jambo, sijui kama ni kitu, Jumapili hakohoi, Jumatatu jioni ndiyo kifua kinamfunga, Jumanne kinalegea… na wewe ulikuwa unakunja bandeji, ukaacha kuikunja, ukainua macho, ukauliza, "Nani mwingine umemwambia?" nami nikasema hakuna, nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, nilidhani unanitunzia aibu yangu… "Wanasema mwarobaini unafaa," alisema Bi Mboni, "lakini ule mchungu, kheri mguu"… na lile la kikombe, Mungu wangu, lile la kikombe, lilikuwa limelala wapi siku zote hizi, Elizabeti alipokuja kumtazama Ruthi mchanga, jua la adhuhuri, ametembea kutoka dispensari, jasho linamtiririka, akaingia uani akisema maji jamani nakufa, na kabla Yudith hajainuka yeye alishakitungua kikombe cha msumarini, akachota mtungini, akanywa, akanywa mpaka kitako cha kikombe kikaangalia mbinguni, na Yudith akapiga ukelele, ukelele wa kweli, labda wa kwanza maishani mwake, "Eliza, hicho cha Asheri!" na Elizabeti akasimama na kikombe mkononi, maji kidevuni, akacheka, "Looo, nimesahau!" akakirudisha msumarini taratibu… nimesahau, na Yudith alikesha akimwombea, Baba, asipatwe, ana mama kipofu, asipatwe kwa ajili ya kikombe chetu, akamwombea siku baada ya siku, akimtazama kifuani kila wakikutana kama anakohoa, wala hakohoi, akasema Mungu ni mwema… mtu husahau jina, husahau ufunguo, lakini nani anasahau nyoka akamshika, huwezi kusahau unachokiogopa, hukusahau, Eliza, wewe ulikuwa huogopi, wewe uliyejua ulikunywa, na yule usiyetaka ajue alitengwa na mumewe kwa msumari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, kama alivyopenda kusema mwinjilisti, lakini hawakusema mficha maradhi ya mwenzake humuumbua nani… naye Asheri, Asheri aliyeamini kuliko wote, usiku Ruthi alipozaliwa alisimama uani mpaka alfajiri, wanawake wakamwonyesha mtoto kwa mbali mlangoni kama wanavyoonyesha kitambaa sokoni, akasema, "Amefanana na mama," akaenda kazini, kwenye vumbi, kule kule, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa ndilo, alisema nitafanya kazi maadamu nina nguvu, kikuu kisije kikanichukua nikawaacha bila kitu, kila asubuhi anakwenda kujitafutia kile kile kinachommaliza… na mbavu zake, zamani alikuwa akilaza sikio juu ya mbavu zake akisikia moyo, sasa hajui kifua kile kinasemaje, wamemnyima hata kukisikia… "Akitolewa mapema hupona," Sabiha alisema, karibu sana na kitambaa, "kule nilikokuwa tulimtoa mmoja akiwa angali wa Jumatatu tu, akapewa bustani, leo anapanda minazi. Lakini likishakula wiki, likala Jumanne, likala Alhamisi, mpaka likafika Jumapili asipate hata siku moja ya kuvuta pumzi, basi tena, hata umpeleke kule Amani milimani akanuse ile miti ya dawa, pumzi hairudi." "Ndiyo," alisema Elizabeti.

Mpaka likafika Jumapili… basi hesabu, Yudith, hesabu, mwanzo ilikuwa Jumatatu peke yake, hilo ndilo alilomwambia Eliza, kisha Jumanne, wakati wa mavuno ya mahindi tayari ilikuwa Jumanne, maana siku ya soko alikuwa akikohoa akasema vumbi la njia, kisha Alhamisi, Alhamisi iliingia lini, iliingia kimya kama panya, na Ijumaa… Jumamosi nusu siku, hurudi mapema, hulala barazani, Jumamosi hukohoa usingizini, ndiyo, hukohoa, lakini Jumapili, jana, jana ilikuwaje… kanisani hukaa nje chini ya dirisha la mwisho, yeye na mkeka wake, asije akawaambukiza waumini, na Yudith hukaa mbele upande wa wanawake, hasikii kitu, wanakwaya wanaimba kwa nguvu, jana alikohoa au hakukohoa, Bwana, nikumbushe, nimekaa naye siku nzima ukuta mmoja na sijui, mke gani asiyejua mumewe amepumua vipi jana, mke aliyeambiwa asisogee… nyumbani, baada ya chakula, ndiyo, alikaa kwenye kigoda chake nje, ameegemea ukuta, na Ruthi yuko ndani upande wa pili wa ukuta ule ule, kwenye mkeka, na Asheri akaanza kumwimbia kama afanyavyo kila Jumapili, maana kumpakata hawezi, humwimbia kupitia udongo, ule wimbo wa kubembeleza wa kwao mlimani, mrefu, wa ng'ombe wanaoshuka na umande, anaujua wote mpaka mwisho, hauruki hata ubeti, na jana akaimba, sauti nzuri, Yudith alikuwa anachambua mchicha, aliona raha, aliwaza Jumapili ni Jumapili… kisha wimbo ukaisha. Ukaisha, na yeye akasema moyoni, mtoto amelala, ndiyo maana baba ameacha. Mchicha mkononi. Mtoto amelala. Lakini ng'ombe walikuwa hawajashuka. Ng'ombe walikuwa bado juu mlimani, alikatia kwenye umande, katikati ya neno, na Ruthi… Ruthi alikuwa hajalala, alikuwa amesimama, amejishika ukutani kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili alikuwa anaupiga ukuta, pa, pa, pa, anaidai ile sauti iliyokuwa ndani ya udongo, na Yudith alimtazama akacheka, akasema, "Baba amechoka," na nje kigoda kilikwaruza chini, na miguu ikaenda, ikaenda mbali, kule nyuma ya mkonge, ambako mtu anaweza kukohoa watoto wasimsikie.

Limefika Jumapili.

Alikaa, benchi lile lile, Bi Mboni amehamia kwenye habari za mkwewe, picha ya malkia kijana wa Uingereza ukutani inatazama juu ya vichwa vya watu wote, inzi anatembea kwenye mdomo wa chupa, na Ruthi mgongoni alijigeuza, akavuta pumzi ndefu ya usingizi, akaitoa, pumzi safi isiyokwama popote, na Yudith aliisikia yote inavyoingia na inavyotoka, na alijua, hakuamua, alijua tu kama mtu anavyojua kuwa kiu imemshika, kwamba jioni hii Asheri akirudi na nyusi zake nyeupe, akasimama mlangoni akaweka mikono nyuma, yeye atamfungua Ruthi mgongoni na kumtia kifuani pake, na Asheri atakataa, atarudi nyuma, atasema umepata wazimu, Mama Noa, na itambidi aseme, amweleze yote, maneno mengi kuliko aliyopata kumwambia tangu waoane, na ule msumari ataung'oa, kwa jiwe lile lile, liko bado pale uani, hakuna aliyelitupa, na kesho asiende kwenye brashi, waondoke, warudi milimani wakale viazi vya mama yake, hata kama pumzi hairudi, hata kama vumbi limekwisha kula wiki, siku zilizobaki mtoto atazisikilizia kifuani, si ukutani.

Kitambaa kilivutwa. Uso wa Elizabeti ukatokea juu yake, ule ule, na kishimo chake cha shavuni, na macho yakamwona, yakashuka mpaka kwenye benchi, yakapima umbali kati ya benchi na dirisha. "Aa, Mama Noa!" alisema. "Kumbe uko hapa? Umekuja saa ngapi, mwenzangu? Lete chupa," akanyoosha mkono. Nyuma yake Sabiha alikuwa ameshika faneli, ametulia. Yudith hakuinuka. Alitafuta sauti yake ile ndogo na hakuikuta, alikuta nyingine, ya ule ukelele wa siku ya kikombe, ila imepoa.

"Jana alikohoa, Eliza," alisema. "Jana, Jumapili."

Bi Mboni aliacha mkwewe njiani. Benchi zima lilisikia, hakuna aliyeomba lirudiwe. Chupa ilikuwa bado mapajani, na gunzi lake, na mkono wa Elizabeti ulikuwa bado dirishani, wazi, unaingoja.